Nimeswali istikhara, sikuota kitu: nitamtegemeaje Mungu bila ya kukaa bure?

SWALI

Maalim, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwanamme wa miaka 36, mkaazi wa Wete, nina mke na watoto watatu. Nilisomea uhasibu Unguja, nikarudi Pemba nikafungua duka la vyakula, na mpaka mwaka jana sikuwa na deni la mtu. Nimezoea kufanya mambo yangu kwa kichwa changu. Masomo nilijilipia mwenyewe, mtaji wa duka niliutafuta mwenyewe. Nikitaka kuamua jambo nakaa na daftari usiku, napiga hesabu, asubuhi naanza. Hakuna aliyenishika mkono, na sikuona haja ya kushikwa.

Msimu uliopita nilikodi shamba la mikarafuu la mzee mmoja upande wa Mtambwe. Tuliandikiana mapema, miti bado haijaonesha kitu, kwa sababu ukichukua mapema bei inakuwa ndogo. Nilihesabu miti, nikakisia kila mti utatoa pishi ngapi, nikaondoa ujira wa wachumaji, gari na majamvi, nikaona faida nzuri sana. Fedha zangu hazikutosha. Nyengine nilikopa kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na nyengine kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho hatutozani riba. Mke wangu alikuja kujua mambo yameshakwisha. Baba alisikia kwa watu msikitini.

Miti ikatoa kidogo sana. Baadaye watu wakaniambia kwamba shamba lile lilizaa kupita kiasi msimu wa nyuma yake, kwa hivyo lilikuwa linapumzika. Hicho kidogo nacho kilinyeshewa na mvua za vuli kikiwa kwenye majamvi, sehemu ikageuka mpeta, karafuu zilizoharibika. Nilipomaliza kuwalipa wachumaji nilibaki na madeni na duka nusu tupu.

Sasa yule mzee amenifuata tena. Anasema msimu ujao miti itazaa, na atanipa kwa bei ya chini kuliko mwanzo tukiandikiana mwezi huu. Nimepiga hesabu, naona msimu mmoja mzuri utalipa madeni yote na duka litasimama. Shemeji yuko tayari kuniongeza. Mke wangu hataki. Kila nikimweleza ananijibu, "Tumwachie Mungu." Nisamehe Maalim, neno hilo linanikera. Nina mjomba ambaye umri wake wote anasema riziki iko kwa Mungu. Anakaa barazani asubuhi mpaka adhuhuri, na watoto wake wamekula kwa mwani aliolima mama yangu. Sitaki kuwa kama mjomba.

Kwa kumridhisha mke wangu nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, na nimeirudia. Sikuota kitu. Nimelala, nimeamka vile vile.

Na jengine sijamwambia mtu. Tokea hasara ile nikisimama kuswali moyo haumo. Najiuliza: Mungu amenipa akili, nimeitumia katika halali, sikumdhulumu mtu. Kwa nini aliiacha akili yangu inidanganye? Na ikiwa akili haiaminiki, nani ataniambia nifanye nini na shamba hili? Usingizi umenikimbia. Nijibu, Maalim.

Msomaji wako, Wete.

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nianze na shamba, kwa sababu mzee anataka jibu ndani ya mwezi huu. Usiandikiane naye. Sababu nitakueleza huko mbele, na mojawapo ni ya kisheria, haihusiani na bahati wala na hofu. Kwanza nataka nikuoneshe kitu kilichomo katika barua yako ambacho nadhani hukukiona ulipokuwa ukiiandika.

Nimeisoma nikiwatafuta watu. Yumo mkeo, alijua mambo yameshakwisha. Yumo baba yako, alisikia msikitini. Wamo waliokuwa wakijua kwamba shamba lile lilizaa sana msimu wa nyuma, nao walikwambia baadaye kwa kuwa kabla yake hukuwauliza. Wamo wachumaji, watu wanaopanda mikarafuu ya Mtambwe kila msimu na kuijua tawi kwa tawi, na wewe umewataja kama ujira wa kuondoa kwenye hesabu. Barua ina watu tele, na hamna hata mmoja uliyemuuliza kitu.

Unaniuliza kama kosa lako ni kutegemea akili. Mimi naona uliitegemea sehemu ndogo tu ya akili, ile iliyomo kichwani mwako, ukaiacha nyengine yote ambayo Mwenyezi Mungu ameigawa kwa waja wake kuanzia Wete mpaka Mtambwe. Hakuna mtu aliyepewa elimu yote. Habari ya kwamba mkarafuu ukizaa sana msimu mmoja hupumzika unaofuata haikuwamo daftarini mwako, lakini ilikuwa imekaa barazani kwa baba yako. Kumtegemea Mungu kungeanzia pale: kufunga duka baada ya alasiri, kwenda kwa mzee wako na kumuuliza.

Anayejitegemea hatumjui kwa kukosa msikitini. Anaweza kuwa safu ya mbele, adhana haimpiti. Anajulikana kwa kuwa hamuulizi mtu. Kuuliza ni kukiri kwamba sijui, na mtu asiyeweza kukiri hivyo mbele ya baba yake, naogopa kwamba hata akisujudu anakuwa amekwenda kumpa Mungu taarifa ya jambo alilokwisha kuliamua. Nakwambia haya kwa sababu nakuonea uchungu, na kwa sababu naona vijana wetu wengi waliosoma wanaingia katika shimo hili wakidhani ni uanaume.

Tazama Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Yeye wahyi ulikuwa ukimshukia. Kama kuna mja aliyekuwa na haki ya kusema "mimi siulizi mtu", ni yeye. Mwaka wa tatu wa Hijra, makureshi walipokuja kupigana, rai yake ilikuwa Waislamu wabaki ndani ya Madina. Vijana wengi waliokosa vita vya Badr wakataka kutoka. Akawashauri watu, akalifuata la wengi, wakatoka hadi Uhud. Unajua yaliyotokea: wapiga mishale wakaacha kilima walichoamriwa kukilinda, Waislamu wapatao 70 wakauawa, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Ingekuwa ni wewe na mimi tungesema, basi, nimeshauriana nimeona faida yake, tokea leo naamua peke yangu. Lakini aya zilizoteremka baada ya Uhud zikamwamrisha awasamehe, awaombee maghufira, kisha "ushauriane nao katika mambo, na ukishaazimia, basi mtegemee Mwenyezi Mungu." Ni aya ya 159 ya Sura Aal-Imran. Ushauri ule ule uliotangulia msiba, Mungu ameamrisha uendelee.

Angalia na mpango wa maneno yake. Kwanza ni kushauriana, kisha ni kuazimia, na kumtegemea Mungu kumekuja mwisho, mtu ameshafunga nia na yuko tayari kuondoka. Mjomba wako ameanza na la mwisho bila ya kuazimia lolote. Wewe ulianza na la kati, ukaishia hapo. Nyote wawili mmeikata aya, kila mmoja na upande wake.

Juu ya mjomba sina maneno mengi. Mtume ametupa mfano wa ndege kwamba lau tungemtegemea Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku wao, ambao hutoka asubuhi matumbo yao matupu na kurudi jioni yameshiba. Ndege wanatoka. Na yule aliyemuuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na amtegemee Mungu, aliambiwa amfunge na amtegemee. Kwa hivyo usiogope kwamba ukimtegemea Mungu utakuwa kama mjomba. Mama yako, aliyekuwa akiyafuata maji yakitoka na kuinama mwanini mpaka mgongo ukamuuma, ndiye aliyekuwa na tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, katika nyumba ile. Alifunga kamba zake, akaacha bahari na Mola wake wafanye lililobaki. Unamtaja mjomba kama mfano wa mtu wa Mungu, na mfano wenyewe ulikuwa ukikupikia chakula.

Sasa mkeo. Mwaka wa sita wa Hijra, pale Hudaybiya, Mtume aliwaambia masahaba wachinje na wanyoe nywele, nao kwa uzito wa huzuni ya mkataba waliowekeana na makureshi hakuinuka mtu. Alirudia mpaka mara tatu. Akaingia hemani kwa mkewe Bi Ummu Salama, akamweleza. Yeye akamwambia atoke, asiseme na mtu neno, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka kumfuata. Mtume wa Mungu aliipokea rai ya mkewe katika jambo la umma mzima. Wewe mkeo ulimficha mkopo uliochukua kwa kaka yake wa tumbo moja.

Hapo ningependa usimame kidogo. Fedha za shemeji ni fedha za nyumba ya kwao. Mkeo anamjua kaka yake tokea utotoni. Huenda anajua jambo juu ya fedha zile, kwamba ni za kujengea, kwamba mama yao ni mgonjwa, kwamba shemeji anashindwa kukwambia hapana kwa sababu ya haya. Unaposikia "tumwachie Mungu" unakereka na kuondoka. Muulize leo, kwa upole: mama watoto, unaposema hivyo unaogopa nini? Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Wanawake wetu wengi hulitumia neno la Mungu kama stara, kusema lile ambalo wakilisema waziwazi waume zao watapandisha.

Nakuja kwenye sheria. Umeniandikia kwamba mlikubaliana miti haijaonesha kitu, na kwamba mzee anataka mfanye hivyo tena. Mwanangu, umemngoja Mungu akwambie neno ndotoni, na neno lake juu ya biashara hii hii lilikuja zamani kwa ulimi wa Mtume wake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alikataza kuuza matunda mpaka kudhihiri kwake kuwa yanafaa. Na katika mapokezi ya Anas bin Malik, Mtume akauliza: waonaje, Mungu akiyazuia matunda, kwa haki gani mmoja wenu atachukua mali ya ndugu yake? Soma swali hilo kisha usome barua yako. Mungu ameyazuia, mzee anayo mali yako, wewe una deni.

Najua desturi ya kukodi mikarafuu ni ya zamani Pemba na watu wanaipa majina mbalimbali. Wapo wanavyuoni walioruhusu kukodi shamba lenye miti kwa masharti yao, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi kuuza au kukodisha kwa ajili ya matunda ambayo hayajatokea hakujuzu. Chukua karatasi mliyoandikiana uende nayo kwa Kadhi wa wilaya, au kwa shekhe unayemwamini aliyesoma fiqhi ya biashara. Muulize mambo mawili: mkataba ule una hukumu gani, na je, una haki ya kurejeshewa kitu. Kwa sababu ipo hadithi nyengine, ya Jabir, katika Muslim, kwamba ukimuuzia ndugu yako matunda kisha yakapatwa na janga, si halali kwako kuchukua chochote kwake. Maulamaa wametofautiana kama kupunguza huko ni wajibu au ni ihsani, na mimi sitamhukumu mzee ambaye sijamsikia. Ila ni neno la kumpelekea, kwa adabu, mkiwa na baba yako. Ikiwa amekuja kukupunguzia bei ya msimu mpya, huenda moyo wake unajua kwamba wa zamani haukwenda sawa.

Wala katazo hilo si la kukunyima riziki. Subiri karafuu zitoke. Zikishaonekana juu ya mti na kufikia hali ya kuuzwa, nenda na baba yako na mchumaji mmoja mwaminifu, mzunguke mti kwa mti. Mchumaji mlipe kwa siku yake. Bei hapo itakuwa kubwa kuliko ya sasa, nami najua daftari lako litakwambia umechelewa. Ilipe, au uache. Tofauti ya bei ni gharama ya kununua kitu unachokiona, na Mungu aliyetuumba alijua tunavyoumia tukinunua tusichokiona. Na ununue kwa fedha uliyonayo mkononi, hata iwe ya miti michache tu. Msimu wa kwanza ulikopa ukiwa huna deni. Sasa unalo, na mkopo mpya wa kuukimbilia wa zamani, hata usio na riba, mimi sikushauri, na nadhani baba yako atasema hivyo hivyo bila ya kusoma kitabu.

Istikhara. Wewe si wa kwanza kungoja ndoto, watu wengi wanaingojea. Jabir bin Abdillahi amesema Mtume alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani: rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua. Irudie dua ile polepole uangalie imetaja nini. Unamwomba Mungu kheri kwa elimu yake na uwezo kwa uwezo wake, kwa kuwa Yeye anaweza nawe huwezi, Yeye anajua nawe hujui. Kisha unasema, ukiwa unajua kwamba jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unisahilishie. Na ukijua ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Hamna ndoto humo. Ukishaswali unakwenda na lile ulilolishauri na kuliona sawa. Likisahilika ni jibu, likifungika ni jibu.

Na yale maneno ya mwisho, uniridhishe nayo, ndiyo mazito kuliko yote. Kabla ya kuyatamka, mtu anatakiwa awe tayari kwa pande mbili. Umeniandikia kwamba uliswali kwa kumridhisha mkeo. Kwa hivyo ulikuwa umeshachagua, ukawa unangoja saini. Iswali tena utakapokuwa huna upande. Hilo linaweza kuchukua wiki, au zaidi, na linahitaji kwanza umalize kushauriana, kwa sababu nafsi iliyokwisha kusikia rai ya baba, ya mke na ya mchumaji inakuwa laini kidogo kuliko iliyokaa na daftari peke yake.

Ulilolisema mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Kwa nini Mungu aliiacha akili yangu inidanganye?

Sitakwambia kwamba hasara yako ina kheri hii au ile. Watu watakwambia, wengine wameshakwambia, na wanasema kwa nia njema. Mungu amesema katika Sura ya Baqara kwamba huenda mkachukia kitu nacho ni kheri kwenu, na huenda mkapenda kitu nacho ni shari kwenu, na kwamba Yeye anajua nanyi hamjui. Hamjui, na mimi ni katika hao wasiojua. Katika Sura ya Kahf, maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini walitobolewa jahazi lao na Khidri, mja aliyefuatana na Nabii Musa, na nyuma yao alikuwapo mfalme anayenyang'anya kila jahazi zima. Nabii Musa alielezwa sababu mwisho wa safari. Lakini tazama kwamba Qur'ani haikututajia kuwa wale maskini wenyewe waliambiwa. Sisi tunaisoma tukijua. Wao walikuwa na tundu, maji yanaingia, na kazi ya kuliziba. Wewe uko pale walipokuwa wao.

Hata kisiwa chetu kina hadithi yake ya namna hiyo. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Baada ya hapo ndipo Pemba ilipokuwa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Wenye mashamba wa Unguja walikuwa na hesabu zao, na walikuwa na watumwa waliotolewa jasho bila ya haki, na vyote viwili havikuuzuia upepo. Wala Wapemba hawakuwa wameuelekeza. Sisemi kile kilikuwa adhabu kwa hawa au zawadi kwa wale, elimu hiyo sina. Ninachosema ni kwamba shamba la Mtambwe ulilolikodi, na bei uliyoihesabu, na wachumaji wenyewe kuwapo Pemba, vyote vimesimama juu ya jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyelipanga. Akili yako ilianza kuhesabu katikati ya hesabu ya Mungu. Haikukudanganya, mwanangu. Ilikwambia kile ilichokuwa nacho, na wewe ukaiamini kwamba ina vyote.

Akili ni neema, itumie na daftari lako usilitupe. Nabii Yaaqub aliwaambia wanawe wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali, na papo hapo akasema kwamba yeye hawafai kitu mbele ya Mwenyezi Mungu, na kwamba amemtegemea Yeye. Alipanga, akajua mpango wake hauzuii kitu. Hiyo ndiyo hali ninayokutakia, na haiji kwa siku moja.

Kwa usiku, ambapo usingizi hauji, ipo dua ambayo Mtume alimwusia binti yake Fatima aisome asubuhi na jioni: Ya Hayyu, ya Qayyumu, birahmatika astaghith, aslih li sha'ni kullahu, wala takilni ila nafsi tarfata ayn. Unamwomba akutengenezee mambo yako yote na asikuachie nafsi yako hata kiasi cha kupepesa jicho. Isome kwa maana hiyo. Na usirudi nyuma kusema lau ningelifanya hivi, lau ningelingoja. Mtume ametukataza kwa kuwa linamfungulia Shetani kazi. Jifunze kosa, kisha sema Mungu amekadiria na alilotaka amefanya. Moyo usipokuwamo katika swala, swali hivyo hivyo, na umwambie Mola wako hilo hilo uliloniambia mimi. Anakujua. Afadhali usujudu na malalamiko yako kuliko uyaweke nje ya mlango wa msikiti.

Madeni yana haki ya haraka. Nenda kwa shemeji, mkeo akiwepo, umwambie hutachukua fedha nyengine, na mwandikiane ile ya zamani utailipa vipi na kwa kiasi gani kila mwezi kutokana na duka. Kuandika deni ni amri ya Qur'ani, katika aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Baqara, na aya mbili kabla yake inamtaka mwenye kudai ampe muda aliye katika dhiki. Kikundi nacho usikikimbie. Mwanachama anayekuja kusema nimekwama, nipeni ratiba, kikundi humwamini kuliko anayezima simu.

Lakini kabla ya shemeji, kabla ya Kadhi, anza kwa baba yako. Usiende na daftari. Mwambie, baba, nimekuja kukuuliza juu ya shamba la Mtambwe. Aliposikia msikitini aliumia, na wazee wetu hawasemi. Ukishamsikiliza niandikie tena, uniambie amesema nini juu ya miti ile na juu ya mzee mwenyewe, maana nina hakika anamjua.